Mwalimu Gaudiosa na Chozi Alilolizuia Stendi

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa, mlioko Mollo, Majengo, hadi kule Mwimbi. Baridi ya leo si mchezo, sogeeni karibu na jiko. Jioni hii tunamkumbuka Mwalimu Gaudiosa, mwandishi wa riwaya, aliyetutoka wiki iliyopita nyumbani kwake Mollo. Mwalimu Gaudiosa, yule aliyeandika kuhusu Waayalandi.

Ndiyo, Waayalandi! Mfipa wa Mollo, ndege anaziona zikipita tu, akaandika riwaya nzima ya watu waliohama Ayalandi kwenda Marekani zamani hizo. Habari zao alizipata kwa sista mmoja mzee wa huko, muuguzi, aliyekuwa jirani yake. Sista alimsimulia jinsi viazi vilivyooza mashambani, njaa ikaingia, vijana wakapanda meli. Mwalimu alizoea kusema, "Mtu aliyelima anaielewa njaa hiyo bila mkalimani."

Riwaya inaitwa Mkesha wa Aliye Hai. Binti mmoja, Nora, anakwenda Boston kufua nguo za matajiri. Usiku wa kuamkia safari, mama yake na majirani wanamlilia kama maiti. Na mwenyewe amekaa hapo hapo, mzima, anawasikiliza! Ndiyo ilikuwa desturi yao, maana waliopanda meli wengi hawakurudi. Nora naye hakurudi.

Huko Boston, Nora akikutana na wanawake wa kwao, wanapiga magoti na kusalimiana kwa makofi. Mhariri akapiga simu kutoka Dar es Salaam: "Mwalimu, Waayalandi hawasalimiani hivyo. Hao ni Wafipa." Mwalimu akamjibu, "Wangu wanasalimiana hivyo. Waache." Wakaachwa. Jamani, nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Lakini hapa mjini kitabu kilileta maneno. Kumlilia mtu aliye hai? Watu walisema huo ni uchuro, mwalimu anajitafutia balaa. Mdogo wake, Mama Bertha, ameniambia: "Dada alisemwa sokoni mpaka akaacha kwenda sokoni."

Halafu likamfika mwenyewe. Binti yake wa pekee, Kristiana, akapata kazi ya uuguzi. Wapi? Ayalandi hiyo hiyo! Siku ya safari, stendi ilijaa ndugu, kila mtu analia. Mwalimu Gaudiosa hakutoa chozi. Hata moja. Alimkabidhi binti yake mfuko wa unga wa ulezi, akamwambia, "Ukisonga ugali, usiwe na haraka." Akageuka, akaondoka kabla basi halijatoka.

Hilo lilimchoma Kristiana. Lilimchoma sana. "Nilijua mama amefurahi kuniondoa," ameniambia. Kwa miaka yote aliyokaa huko alimpigia simu baba yake, Mzee Polikarp. Mama yake alipata salamu tu, kupitia kwa baba. Mwalimu aliyaona hayo, akanyamaza. Nami nasema wazi, sikupenda alivyonyamaza.

Mama Bertha ndiye aliyembana siku moja. Dada, kwa nini hukulia? Akajibiwa: "Nikimlilia nitakuwa nimemzika. Mama yake Nora alilia, mwanawe hakurudi. Mimi wangu nataka arudi. Na wewe usimwambie, asije akarudi kwa kunihurumia."

Kumbe mwandishi alikiogopa kitabu chake mwenyewe! Waliosema uchuro pale sokoni, na yeye, walikuwa wanaamini jambo moja.

Kristiana alifika asubuhi ya mazishi. Mama Bertha akamvuta chumbani, akamweleza yote. Nilikuwepo sebuleni alipotoka. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza, akaliinamia, akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia: "Mama, nimerudi. Sasa niruhusu nilie." Akalia. Tukalia naye, na Mzee Polikarp akawa hashikiki.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mzee Polikarp. Tunampa pole Kristiana, Mama Bertha, na wote waliofundishwa na mwalimu. Mungu amlaze mahali pema. Na wewe unayenisikiliza, labda kuna mtu wako umemnunia kwa sababu siku ile hakulia, au hakusema neno. Mpigie jioni hii, umuulize. Kristiana alijibiwa na shangazi, wasikilizaji, mama yake amelala pale sebuleni. Mama mdogo, niseme. Mnisamehe, hata mimi machozi yananichanganya.