Bi Taipu na Programu Iliyomkubalia Kila Mtu

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu: mwaka jana, kwenye mashindano ya kuandika programu za kompyuta, nilidanganya. Aliyenikamata ni huyu tunayemuaga leo.

Katibu muhtasi wa shule yetu, ambaye walimu na wanafunzi wote humwita Bi Taipu, anastaafu tarehe 28 Novemba baada ya miaka thelathini na moja kazini. Wakuu wa shule watano wamepita, na kila mmoja alipofika ni yeye aliyemwonyesha ufunguo upi ni wa kabati lipi. Mimi nimekaa naye ofisi moja kwa miezi mitatu tu, kama msaidizi wa muda huku nikisubiri matokeo ya mtihani. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nyepesi: wasifu wa wastaafu wote kumi na wanne waliomtangulia aliuchapa yeye, na safari hii ilibidi atafutwe mtu mwingine. Nimechapa kwa vidole viwili. Akitoka kujaza birika, nachapa. Akirudi, najifanya napanga bahasha.

Alianza na taipureta ya chuma iliyohitaji watu wawili kuihamisha. Walimu wa zamani wanasema aliweza kuchapa mtihani wa hesabu huku akimgombeza mchelewaji dirishani, na vyote viwili vikatoka bila kosa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, aliifunika kitambaa wiki mbili nzima na kuendelea na taipureta yake. Siku ya kumi na tano akakitoa kitambaa, akavuta kiti, akasema, "Haya, leo tuone nani atamtumikisha mwenzake." Aliyeshinda anajulikana.

Kwa sisi wa klabu ya kompyuta, hata hivyo, jina lake ni kubwa kwa jambo jingine. Kila mwaka shule yetu huandaa hakathoni: timu za wanafunzi watatu watatu kutoka shule kumi na moja hukusanyika bwaloni kwa siku mbili, hupewa tatizo moja, na kila timu huandika programu ya kulitatua. Miaka tisa iliyopita, katika ile ya kwanza kabisa, Bi Taipu alipita na barua za kusainiwa, akaona kiti kitupu mbele ya kompyuta, akakaa. Akabonyeza kila kilichobonyezeka. Dakika haikuisha, programu ikazima. Wenye programu wakalalamika kwamba amebonyeza pasipotakiwa.

"Kama hapatakiwi," akawauliza, "mmepaweka pa nini?"

Mwalimu wa kompyuta alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Tangu siku hiyo hakuna timu inayokwenda mbele ya majaji kabla programu yake haijapita mikononi mwa Bi Taipu. Masharti yake ni magumu. Huruhusiwi kumwelekeza, kunyoosha kidole wala kuguna. "Mimi sikujui na wewe hunijui. Iniambie yenyewe." Halafu husoma kwa sauti kila neno linalotokea kwenye skrini, kama mtangazaji wa taarifa ya habari, bwalo zima lisikie. Nimeona wavulana wenye vifua vipana wakilowa jasho.

Mwaka jana tatizo tulilopewa lilikuwa vitu vinavyopotea shuleni. Timu yetu ilikuwa na Msemaji, Mchoraji na mimi. Msemaji angezungumza na majaji, Mchoraji alipanga kurasa, mimi niliandika programu na kukaa kimya, kazi mbili ninazoziweza. Mtu angeandika alichopoteza, programu ikitafute kwenye orodha ya vilivyookotwa, kisha imjibu. Asubuhi ya siku ya pili, sehemu ya kutafuta ikagoma. Wenzangu walikuwa pembeni wakifanya mazoezi ya kujieleza, wanacheka, wana matumaini yote. Nikashindwa kuwaambia. Nikaifanya programu itoe jibu moja kwa chochote kitakachoandikwa: "Kimepatikana. Kiko ofisini kwa katibu."

Bi Taipu akakaa. Akaandika "sweta", akasoma jibu kwa sauti. Akaandika "kalamu", akasoma. Msemaji akanikonyeza. Kisha Bi Taipu akaandika "meno ya babu".

Jibu likaja lilelile. Safari hii hakulisoma. Bwalo lilisubiri sauti yake, yeye akasoma kimoyomoyo, akafuta, akawatuma wenzangu wakamletee miwani ofisini. Miwani ilikuwa inaning'inia kifuani mwake.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "huyu anamkubalia kila mtu. Na hiyo ofisi ni yangu mimi. Watoto wakipanga foleni mlangoni kudai vitu nisivyonavyo, niwajibu nini?"

Nikamwambia kutafuta kumenishinda.

"Kumekushinda kote?"

Nikasema labda neno moja moja ingeweza.

"Basi fanya hilo neno moja. Bado mna saa nzima. Na kule mbele uiseme wewe hiyo kasoro, maana wenzako hawaijui."

Nilifuta, nikaandika upya. Zamu yetu ilipofika nikamwomba Msemaji kipaza sauti, naye akanipa kwa mshangao mkubwa. Nikasema programu yetu inaelewa neno moja tu, mawili yanaichanganya. Sauti yangu iliishia safu ya pili, lakini majaji walikuwa safu ya kwanza. Jaji mmoja akaandika "helikopta". Programu ikajibu, "Hakijapatikana." Bwalo likacheka, kisha likapiga makofi.

Tulikuwa wa nne. Kwenye fomu ya maoni Bi Taipu aliandika: "Inafanya kazi. Ifundishwe neno la pili." Niliifundisha likizoni, na tangu Januari inatumika ofisini. Vitu sitini na vitatu vimerudi kwa wenyewe, ikiwemo miwani ya Bi Taipu mara mbili.

Sasa anarudi kwa mumewe, fundi saa, anayeapa kwamba hajalala kupita saa kumi na moja alfajiri tangu walipooana. Bi Taipu, shule nzima inakushukuru, na mimi nakushukuru peke yangu kwa ile sentensi uliyoisoma kimya. Upumzike vizuri, uzeeke na afya yako, na kila utakachobonyeza kikubali.

Msemaji na Mchoraji wako mbali na hawatafika leo. Bado wanaamini nilikuwa naongeza madoido tu asubuhi ile. Programu yangu ilidanganya saa moja na nusu. Mimi nimewadanganya mwaka mzima. Wanakuja mwezi ujao, na nitawaambia mwenyewe, kwa mdomo, sauti ifike popote itakapofika. Wewe uliyeshika karatasi hii, tafadhali, mpaka siku hiyo wasilisikie jambo hili kwako.