Opereta Aliyengoja Kuuliziwa

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kuacha shughuli zenu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu. Nitayasoma yalivyokuwa, maana yeye hakupenda maneno ya kupakwa sukari.

Dada yetu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Juni 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na mama aliyeshona sare za shule. Mimi nilifuata miaka sita baadaye, na tangu siku hiyo akanigeuza tarishi wake.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1963 katika shule iliyokuwa nyuma ya kiwanda, akamaliza kidato cha nne mwaka 1973. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Kilichomtangulia kila mahali ni sauti. Mwalimu mkuu alimpa kazi ya kusoma matangazo ya asubuhi kwa sababu alisikika hadi jikoni bila kupayuka.

Tarehe 5 Januari 1976 aliajiriwa kuwa opereta wa simu katika makao makuu ya shirika moja la bima. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, na ndani mlikuwa na swichibodi, kiti kimoja na ndala zake. Simu zote zilipita mikononi mwake: anachomoa waya huku, anauchomeka kule, anasema, "Subiri nikuunganishe." Wateja waliopendezwa na sauti ile walikuja kumwona wakitegemea mrembo mrefu, wakamkuta dada, mfupi, mnene, anatafuna karanga. Basi aliwaambia ndiye huyo huyo, waseme shida yao. Siku akiugua jengo zima lilikuwa bubu, na asubuhi hiyo hiyo meneja alituma gari nyumbani kumuulizia. Hilo alilipenda kuliko mshahara.

Mume alimpata humo humo kwenye waya. Alikuwa karani wa bohari aliyepiga simu kila siku kuulizia bima ya gari, na gari hakuwa nalo. Walifunga ndoa tarehe 11 Septemba 1982, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume. Shemeji alifariki mwaka 2009, akamwachia nyumba na pensheni yake, kwa hiyo njaa haikuwa tatizo la dada.

Tatizo lilianza tarehe 30 Juni 2000. Shirika lilifunga mashine inayojibu simu yenyewe, bonyeza moja, bonyeza mbili, na dada akapewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Akazunguka na vyeti vyake kwenye bahasha, hoteli hii, zahanati ile, na kila mahali waliuliza umri kabla ya jina. Akauza katika duka la vifaa vya shule, likafungwa. Akalea watoto wa chekechea, mwenye shule akahama. Nilimshauri atulie nyumbani, ana kila kitu. Alinijibu maneno ambayo sijayasahau: "Mdogo wangu, mimi natafuta kazi ambayo siku nisipoenda, kuna mtu ataulizia."

Aliipata mwaka 2017, katika nyumba ya kulea wazee jirani na kwake, bila mshahara. Pale kuna simu moja ya wazee, hukaa kabatini kwa matroni, hutolewa Jumatano mchana ili wawapigie watoto wao. Lakini vidole vinatetemeka, macho hayaoni namba, na wahudumu wana haraka zao. Dada akawa anakaa mezani, wazee wamejipanga kwenye benchi, anabonyeza, anasikiliza, anamkabidhi mwenyewe. Watoto wengi hawakupokea. Hapo aliacha iite mpaka ikatike, kisha akasema kwa sauti yake ya shirika, "Laini ina shughuli, mzee wangu. Tutajaribu wiki ijayo." Mzee mmoja aliyekuwa fundi saa aliambiwa hivyo miaka mitatu, na kila mara alisema ni vizuri, mtoto yuko kazini.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023, na Februari akalazwa. Nilitaka kwenda kuwaambia wazee wake. Alinikataza kabisa. Alisema, "Waache. Nataka waulizie wenyewe." Simu yake aliiweka chini ya mto. Kila Jumatano aliitoa, akaitazama, akairudisha. Hakumpigia mtu. Siku moja nilimwambia labda wamejaribu, laini ikawa na shughuli. Alicheka kidogo tu.

"Hayo maneno ni yangu," alisema.

Baada ya siku hiyo hakuitoa tena, wala kula hakutaka. Alifariki Jumapili, tarehe 21 Aprili 2024, alfajiri, akiamini kwamba kwa wazee wale hakuwa na maana yoyote. Kifo chake nakililia, lakini hilo la kuamini hivyo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumatano wiki hii nilikwenda kutoa taarifa. Matroni alishangaa. Alisema wa kujitolea huja na kuondoka, akadhani naye amechoka, ndiyo maana simu haikutolewa kabatini tangu Februari. Nikapita ukumbini. Benchi lilikuwa limejaa. Walikuwa wamevaa vizuri, wamekaa kwa zamu zao, meza tupu mbele yao. Niliwaambia. Yule fundi saa akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema ni mdogo wake, na nikamuuliza, kwa hasira, mbona hamkumuulizia.

"Kila wiki tumemuulizia, mwanangu," alisema. "Lakini anayetubonyezea namba ni yeye."

Marehemu ameacha mtoto mmoja wa kiume, mkwe, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, na benchi la watu wanaomsubiri. Sina la kuwafariji, wala la kujifariji mwenyewe. Namwombea tu pumziko jema, na huko alikokwenda apokelewe kwa mlio wa kwanza.