Ntate Sekake Astaafu: Breki Alizozioanisha, na Ile Moja

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, mzee wetu, Ntate Sekake Ramohapi, anavua aproni na kuiacha nafasi ya fundi mkuu katika karakana yetu ya baiskeli za mlimani, Ha Letlatsa. Ofisi imeomba wasifu mfupi wenye furaha. Mfupi utakuwa. Furaha itakuwepo pale ilipokuwepo.

Alitujia kutoka migodi ya dhahabu ng'ambo ya mpaka, akiwa na kikohozi na mikono isiyoogopa chuma. Wakati huo breki zilikuwa za waya, na kila mchunga kondoo aliweza kuzirekebisha. Kisha zikaja breki za diski zinazosukumwa kwa mafuta, na pamoja nazo yakaja masanduku ya msaada. Wafadhili wakimaliza mashindano yao kwao, hukusanya vilivyochoka na kututumia: mikono ya breki isiyo na kalipa (kile kibano kinachoikamata diski), kalipa zisizo na mikono, mabomba yaliyokatwa, diski zilizopinda. Takataka zilipandishwa ndege, zikafika hapa zikiitwa ukarimu, nasi tukapigwa picha tukizipokea. Breki mpya kamili hatukuletewa hata mara moja, na watalii walikuwa wameshalipia kushuka mlima.

Hapo ndipo Ntate Sekake alipoanza kuoanisha. Alichukua mkono wa nyumba moja na kalipa ya nyumba nyingine, akavifungisha ndoa. Wapo wanaoliita jambo hilo ufundi wa kimaskini. Hawajui wanachosema. Ndoa ya namna hiyo ina masharti: mkono usukume mafuta yanayozitosha pistoni za upande wa pili, viungio vya bomba vikae bila kuvuja, pedi ziwe za kalipa ile ile. Na sharti kubwa kuliko yote ni mafuta. Breki nyingine hunywa mafuta ya madini, nyingine hunywa oili ya breki za magari. Ukiyachanganya, mipira iliyomo ndani huharibika.

Kazi yake ilikuwa nzuri. Mtalii mmoja kutoka Bloemfontein alishuka mteremko wa Phiring, akarudi akiikagua breki huku na huku. "Ntate, hii ni ya kampuni gani?" "Mama yake Mjapani, baba yake Mjerumani," Ntate Sekake akamjibu, "lakini amelelewa hapa, kwa hiyo ana adabu." Yule bwana alitaka kuinunua.

Alama za vyuma ndizo zilizokuwa fahari yake. Alizitia kwa tupa, kama tunavyokata masikio ya kondoo: mkato mmoja kwa vya mafuta ya madini, mikato miwili kwa vya oili ya magari. Hakuhitaji kuziangalia. Aliingiza mkono sandukuni huku macho yake yakikutazama wewe, akabishana nawe juu ya uchaguzi na bei ya unga wa papa, ugali wetu, kidole kikasoma alama na chuma kikatoka. Tulimshangilia. Tulileta wageni waje kumtazama.

Sasa tunafika mahali ambapo ofisi ingependa turuke.

Miaka kumi na miwili iliyopita alimfungia breki Tholang, mwongozaji wetu wa wageni, kijana aliyeimba kwa sauti mbaya na kwa bidii kubwa. Mkono ulikuwa wa mafuta ya madini. Kalipa ilikuwa ya oili ya magari, ndiyo kwanza imefika sandukuni, haijatiwa alama na mtu. Lakini mwamba wa nchi nyingine ulikuwa umeikwaruza kabla haijatufikia, mkwaruzo mmoja, mahali pale pale. Kidole chake kikausoma kama mkato. Akajaza mafuta ya madini, akatoa upepo, breki ikashika vizuri. Hilo ndilo baya lake: siku ya kwanza hushika vizuri. Kisha mipira ya kalipa ikavimba polepole, pistoni zikakwama, pedi zikaisugua diski bila kuachia. Kwenye Phiring joto likapanda mpaka mafuta yakachemka. Tholang akavuta mkono wa breki, ukaja mpaka kwenye usukani, mtupu. Tulimkuta chini ya kona ya tatu.

Uchunguzi ulisema ajali. Meneja wa wakati ule alimshauri naye aseme hivyo hivyo, akae kimya, alinde kazi yake. Ntate Sekake alimjibu mbele yetu sote: "Ajali ni jiwe kuporomoka, ntate. Mimi nilikuwa napiga soga."

Tangu siku hiyo vyuma vya aina mbili za mafuta havikai chumba kimoja, alama ni za rangi, na hakuna anayefunga breki huku akiongea. Kila fundi mpya alisimuliwa kisa hiki na yeye mwenyewe, kabla hajashika spana. Wanaotaka kumuaga kana kwamba kisa hiki hakikutokea wanamwibia kazi ngumu kuliko zote alizofanya.

Mama wa marehemu ni 'M'e 'Matholang, yaani Mama Tholang. Kila anayemsalimu hulitaja jina la mwanawe, na Ntate Sekake amemsalimu hivyo kwa miaka yote hii, barabarani na kisimani. Ofisi ilipanga mkurugenzi ndiye amvike Ntate Sekake blanketi la kuagwa, kama ilivyo heshima kwetu. Mwenyewe akakataa. "Anivike kwa lipi? Asiponivika 'M'e 'Matholang, naondoka na koti langu." Akaenda nyumbani kwa mama huyo, akasimama nje ya zizi, akaomba. Mama akafunga lango la zizi, akaingia ndani.

Alhamisi iliyopita mama huyo alikuja karakanani. Alikataa kiti.

"Umezeeka, Sekake."

"Nimezeeka, 'm'e."

"Nasikia mnachinja ng'ombe."

"Ng'ombe ni wa ofisi. Mimi nimeomba blanketi tu."

"Umeomba mkono wangu. Usinizungushe."

Ntate Sekake akavua kofia.

"Msamaha sina," mama akasema. "Nimeutafuta. Ungekuwepo ningekupa, nipumzike. Lakini ni majira ya baridi, nawe unarudi kuishi kwenu juu kule milimani, na kifua chako tunakijua. Nitakuvika. Nikisikia hata mmoja anapiga vigelegele, naondoka."

Basi wageni wote mnaombwa: saa ya blanketi ikifika, simameni, na mkae kimya mpaka mama arudi mahali pake. Hotuba za ofisi zitasubiri.

Ntate Sekake, asante kwa wote walioshuka Phiring wakafika chini wakicheka, na asante kwa kutokuficha habari za yule ambaye hakufika. Tunakutakia afya, jua la asubuhi mlangoni pako, na usingizi.