Régine Unyuthi, Mkemia wa Rangi ya Damu

Ndugu wapendwa, majirani wa Bigo hapa Bunia, wanafunzi wake: tunamsindikiza Régine Unyuthi. Alizaliwa Mahagi tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa kwanza wa Mzee Alphonse, mfanyabiashara wa ng'ombe, na Mama Geneviève. Angali mchanga, familia ilihamia Bunia.

Alisoma hapa mjini hadi diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari mwaka 1987, akahitimu kemia Kisangani mwaka 1993. Mwaka 1997 alipata bursi ya kwenda kusoma Ubelgiji. Huko alichunguza porfirini, ile pete ndogo ambayo ikishika chuma damu huwa nyekundu, na ikishika magnesi majani huwa kijani. Aliunda pete za namna hiyo, akitia kobalti mahali pa chuma, apate kujua jinsi damu inavyoshika hewa na kuiachilia. Mwaka 2003 akawa daktari wa kemia, akaajiriwa katika maabara ileile.

Agosti 2007 alikuja kumzika mama yake, na begi moja tu. Matanga hayajaisha, Mzee Alphonse akapooza upande mmoja. Mdogo wake wa kiume, Evariste, alikuwa ameuawa vitani na kuacha binti, Débora. Dada yao mdogo, Denise, alikuwa ameolewa mbali; hakukuwa na mwingine wa kuwatunza wawili hao. Régine alimsihi baba yake waende wote Ulaya. Mzee akajibu, "Weye enda, mutoto yangu. Miye nitabakia na kaburi ya mama yako." Régine hakuenda. Maabara ilimngoja mwaka mzima, kisha nafasi yake ikapewa mwingine.

Hatutasema uongo mbele ya jeneza: hakubaki kwa furaha. Amani yenyewe ililala jicho moja wazi. Leo barabara ya Kilo inapitika, kesho imefungwa. Ndege ikipaa, Régine alikatiza maneno mpaka mlio uishe, ndipo akaendelea.

Alifundisha kemia katika chuo kimoja mjini, kwenye chumba chenye nondo dirishani na umeme wa kubahatisha. Vifaa vilipokosekana, alitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, akayaloweka katika pombe kali. Alipotia asidi, kijani kikafifia, kikawa rangi ya matope, kwa maana magnesi imetoka. Akatia siki iliyolazwa na waya za shaba ndani yake, akapasha moto, na kijani kikarudi kinang'aa. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mama Profesa, imefufuka?"

"Hapana," akasema. "Shaba ndiyo iko ndani sasa. Rangi ni ile, lakini kitu si ile tena."

Tarehe 17 Julai 2010 alifunga ndoa na Serge, mwalimu wa hesabu. Serge alikuwa amemuuliza, "Utabakia Bunia?" Naye, "Nitaenda wapi?" Serge husema alilipokea jibu hilo kama lilivyo, na waliishi vizuri.

Mzee Alphonse alifariki mwaka 2014. Régine aliwaandikia wenzake wa Ubelgiji; walimjibu kwa upole kwamba utafiti ule ulikwisha kufungwa. Alimwambia Serge, "Sasa hakuna wa kunishika, na hakuna pa kwenda."

Mwaka 2017 figo zilianza kumsumbua, na mashine ya kusafisha damu haikupatikana hapa. Débora, aliyemlea, alikuwa Afrika ya Kusini akisomea kemia. Kibali chake cha kukaa huko kilikuwa bado hakijatoka upya. Régine alimpigia simu.

"Usikuye. Ukitoka kule, hautarudia. Hata nikikufa, usikuye."

"Tantine," akasema Débora, maana ndivyo alivyomwita shangazi yake, "watu watasema nini?"

"Wacha waseme. Miye nilikuja kuzika."

Alifariki nyumbani Bigo tarehe 9 Novemba 2017, asubuhi, mkono wake katika mkono wa Serge.

Ameacha mume wake Serge, dada yake mdogo Denise, wanafunzi wengi, na binti yake Débora, ambaye hayupo hapa leo. Marehemu mwenyewe alimkataza. Tunaomba mtu asimlaumu. Saa hii yuko maabara.

Mungu ampumzishe Régine mahali pasipofungwa mlango.