Kijiko Kinachotambaa

Benchi la pembeni ya duka la vipuri lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia hawajawahi kukosa jibu la swali lolote. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa moto, lakini Mzee Kijiko alikishika kikombe tu bila kunywa. Ndiye dereva wa kijiko cha minyororo, ule mtambo wa kuchimbia udongo, pale wanapojenga barabara, na kijiko chake kilikuwa kimeanza kutambaa. Watu wa zege wanakipita kwa miguu huku wakipiga soga. Msimamizi hakuita fundi. Alisema dereva amezeeka, leo akabidhi funguo kwa dereva mpya. Mzee wa watu aliumia, tena uchungu wa kuonewa.

— Usijitie presha, mzee wangu, alisema Kinyozi. Hiyo ni pampu. Ikichoka, mafuta yanasukumwa kivivu, na bila mafuta kusukumwa kijiko hakiendi.

— Pampu wapi! alimkatiza Kocha, ambaye timu yake haijashinda tangu aichukue. Ni mafuta yenyewe. Mmetia mepesi kama chai ya hospitali.

— Mafuta ni yale yale, Mzee Kijiko alijibu kinyonge.

— Basi chujio limeziba.

— Nimelibadilisha kwa mikono yangu.

— Si ndiyo hapo! Jipya halijazoea.

Mama Kahawa alicheka mpaka birika likatikisika.

— Jamani, chujio nalo lina ugeni?

— Wewe mimina, mama, haya ni mambo ya kiufundi, alisema Kinyozi. Dunia inazunguka, sivyo? Kijiko kikielekea inakotoka, kinarudishwa nyuma.

— Na kikigeuka?

— Kikigeuka… hapo inategemea jua.

Hata Mzee Kijiko alitabasamu, kisha akazigusa funguo mfukoni, tabasamu likakauka. Aliwapenda watu hawa, ila leo maneno yao yalimpita tu. Mkewe alikuwa amempigia pasi shati la kazi kama kawaida, naye hakuwa na ubavu wa kumwambia.

Dada mmoja mwenye buti za kazi na kofia ngumu kwapani alisimama, akamwamkia mzee shikamoo, akaagiza kikombe.

— Samahani, nimewasikia. Mkono wa hicho kijiko nao unachimba polepole?

Kocha alimtazama Kinyozi.

— Mkono? alisema Mzee Kijiko. Mkono uko sawasawa, unachimba kama zamani.

— Basi pampu nzima na mafuta mazima, maana ndiyo hayo hayo yanayouinua mkono. Shida iko miguuni. Wala si wewe, mzee wangu. Dereva angekuwa amechoka, mkono nao ungechoka.

Mzee Kijiko aliinamisha uso. Tangu maneno ya msimamizi hakuna aliyemtetea hivyo.

— Nimepita kukitazama, dada aliendelea. Minyororo imekazwa kama waya wa gitaa, haina hata nafasi ya kupumua. Kijiko kinapigana na miguu yake chenyewe, kitakimbiaje? Nani aliikaza?

Juzi juzi mnyororo ulipochomoka kwenye matope, kijiwe kizima kilikwenda kumsaidia mzee wao. Yeye akiwa juu kwenye kiti, wao huku chini walipokezana pampu ya grisi inayoukaza mnyororo, kila mmoja akitaka aonekane ana nguvu kuliko mwenzake. Walipomaliza upande mmoja, wakaona na wa pili usionewe.

— Nauliza tu, alisema dada, kwa sababu mimi ndiye dereva mpya, na msimamizi ataniuliza.

Kocha alitazama viatu vyake. Mama Kahawa, aliyeyajua yote, alijifanya anafuta birika. Kinyozi ndiye aliyeweka kikombe chini kwanza, akasimama, akamshika mzee mkono.

— Twende kwa msimamizi, alisema. Wote. Mimi ndiye niliyesukuma grisi ya mwisho, acha nianze mimi kusema.