Shangazi Mzunguko, Aliyetuvusha Mpaka Ili Tupae

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, ofisi yetu ya tiketi za ndege itampoteza mtu wake wa dirisha la tatu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Kumpoteza kwa heri, jamani, msianze kulia. Anastaafu na afya yake, miwani yake na meno yake yote. Jina la kwenye kitambulisho analo, lakini kwa abiria na kwetu sisi yeye ni Shangazi Mzunguko. Kazi ya kumwandika nimepewa mimi dereva wa ofisi, maana wenye digrii wanaandika vizuri ila hawachekeshi.

Alianza kazi tiketi zikiandikwa kwa mkono. Kompyuta ilipoletwa, wengine waliiogopa. Yeye aliitazama kama mama mkwe anavyomtazama bi harusi, na wiki haikuisha kompyuta ikawa inamsikiliza.

Hilo la Mzunguko lilikuja hivi. Kutoka uwanja wetu, safari za mbali zina bei ya kumfanya mtu aache hata kumkumbuka ndugu yake. Kwa jirani, ng'ambo ya mpaka, mashirika yanagombania abiria kama wauza viatu, na bei inashuka. Shangazi akawa anawauliza wateja: una siku moja ya ziada? Una kiuno cha kukalia basi? Haya, vuka mpaka ukapandie ndege kule. Lakini hakuwa mtu wa kusifia tu. Alijumlisha kwanza basi, chumba cha kulala na viza, na hesabu ikikataa alisema wazi: "Mwanangu, rahisi huvunja upishi. Pandia hapa hapa nyumbani."

Wenzake wa madirisha mengine walimtania: "Shangazi, utamzungusha mtu mpaka arudi tumboni kwa mama yake!" Naye hujibu bila kuinua macho: "Akirudi, nitamtafutia nauli nafuu ya kutoka."

Visa vyake ni vingi, lakini nikiacha cha Mama Cherehani hamtanisamehe. Huyu ni mshonaji mwenye duka mtaa wa nyuma ya ofisi. Binti yake wa pekee alikuwa nchi ya mbali, mjamzito, mumewe baharia yuko melini, na madaktari wamepanga kumpasua. Hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Ukoo ulichanga, na mchango ukatosha tiketi ya kutokea kwa jirani tu, ile isiyorudishwa fedha.

Sasa ndege yenyewe ilikuwa na kituko chake: ikitoka kwa jirani, inatua kwanza hapa kwetu kuongeza abiria. Shangazi alimweleza mama taratibu kwamba lazima aanzie kule kule, na mama akaitikia. Kuitikia si kuelewa.

Siku ya safari Shangazi alimpigia simu kumtakia heri, akidhani basi limekaribia mpaka. Akasikia cherehani inanguruma.

"Mama, uko wapi?"

"Dukani, namalizia gauni la mtu. Ndege si inapita hapa jioni? Nishinde kwenye basi kwenda kuitafuta, halafu inirudishe juu ya paa langu mwenyewe? Basi likitoka stendi, mtu si hupandia kituo cha mbele?"

Shangazi alisimama, kiti kikaanguka. Ndege si basi, ndugu zangu. Usipotokea mwanzo wa tiketi, tiketi nzima imekufa, na kituo cha mbele hakuna anayekujua. Akaniita kwa jina ambalo mama yangu hakunipa, tukaenda kumchukua mshonaji na futi yake shingoni.

Mimi nimeendesha magari katika nchi nne, na askari wa barabarani wa nchi zote nne wananikumbuka. Siku ile niliendesha kwa ufundi wangu wote, na kwa sheria, andikeni hivyo. Nyuma Mama Cherehani alikuwa analia: "Kama mwanangu atakuwa peke yake kwa ubishi wangu, je?" Shangazi akamwambia: "Shika pasi yako ya kusafiria, mama. Kulia utalia ukimwona."

Mpakani tulikuta foleni ya kutisha. Shangazi alishuka, akasimama mbele ya watu wote: "Wanangu, huyu anakwenda kumpokea mjukuu. Kuna aliyezaliwa hapa bila mtu kungoja mlangoni?" Watu wakapisha. Mmoja alinung'unika, mkewe akamfinya.

Uwanjani mhudumu alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake. Alimtazama mama, akatutazama sisi wenye vumbi, akashusha pumzi, akapokea sanduku. Shangazi aliketi juu ya toroli la mizigo, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Tukiwa njiani kurudi, tumenasa tena mpakani, simu ikalia. Mama Cherehani, huyo: "Shangazi! Ndege imetua nyumbani, nimekaa dirishani! Nyinyi mko wapi?"

"Kwenye foleni, mama."

"Poleni. Si mngepanda ndege!"

Alifika kabla binti hajaingizwa chumba cha upasuaji. Mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima. Shangazi alitusomea ofisi nzima ujumbe alioutuma mama, kisha akaenda stoo ya karatasi akakaa huko mpaka roho yake ilipotulia.

Tangu hapo kila abiria wake wa kuvuka mpaka alipigiwa simu siku ya safari, hata Shangazi akiwa likizo, hata akiwa harusini. "Uko wapi? Na hiyo sauti nyuma yako ni ya nini?" Mumewe husema hakuoa mke, alioa stendi.

Shangazi, kwa niaba ya madirisha yote, na ya watu wengi waliowaona ndugu zao kwa sababu yako, ahsante. Dirisha lako linashikwa na dada uliyemfundisha mwenyewe, na tumemsikia: naye anapiga simu, tena kwa ukali wako ule ule. Abiria wako wa mwisho, yule mwalimu uliyemvusha mpaka juzi, ameshatua na amepokewa. Nenda ukapumzike, ule, ucheke, uzeeke polepole na mzee wako. Leo zima simu ulale. Wote uliowazungusha wamefika.