Kabla ya Kupeana Mkono

Mwaka 1976 nilipata lifti Elburgon kwenye lori la mbao, nikaketi katikati ya Gelle, mwenye duka Bondeni, na Harjit aliyeshika usukani.

“Benki inataka riba, na riba ni haramu,” alisema Gelle. “Wewe umenunua hii lori elfu thelathini. Niuzie thelathini na tano, nilipe polepole.”

“Hiyo elfu tano si riba imevaa kanzu?” Harjit akacheka.

“Ni faida, bwana. Lori ni yako, ikiharibika hasara ni yako, mpaka tupeane mkono.”

Harjit akanyoosha mkono mbele ya pua yangu. Lori likakohoa, likafuka moshi, likasimama. Gelle, ambaye mkono wake ulishafika nusu ya safari, akaurudisha mfukoni kutafuta tasbihi.